Moshi wa Miraba Juu ya Jiko la Mama Tekla

Hivi nyie, mmeshawahi kuona mlima unafuka moshi wa miraba? Siyo moshi wa kupanda juu kama wa jikoni, hapana. Miraba. Mistari inashuka, mistari inakatiza, kama mtu kachukua chaki akauchora mlima mzima. Mimi nimeuona. Na waliouchora nawajua kwa majina, wengine wapo hai, wakisikia nawasema watakuja hapa kunidai chai.

Ngojeni niseme vizuri. Kwetu ni hapa hapa Lituhi, nimekulia kwenye mchanga huu wa ziwa. Nikaolewa Mbinga, kule juu kwenye baridi, na huko ndiko nikapata kazi ya taka. Nimefagia soko, nimezoa vizimba vya taka, mwisho nikawekwa kuangalia dampo, mpaka mji mzima ukawa unaniita Mama Dampo. Watoto wangu waliona aibu. Mimi nilijibu tu, "Abee." Jina la ubatizo padri alilitaja siku moja akamaliza, hili la Dampo niliitwa kila siku, na kila aliyeniita alikuwa na shida na mimi.

Sasa nasikia nyie vijana mmeunda kikundi cha usafi, mmepewa gambuti na glovu mpaka mnapendeza. Nasikia pia mnatafuta mahali pa kumwaga, na macho yenu yako kwenye lile korongo la juu ya nyumba za watu. Ndiyo maana nimesema mkae. Dagaa wakishaanikwa hawakimbii.

Aliyenifundisha kazi ni mzee Ndunguru, Mmatengo wa kule mlimani, mfupi, mgumu kama kisiki. Kabla ya taka alikuwa mchoma mkaa. Siku ya kwanza nilifika nimejifunga kanga mpya, nimejipaka mafuta. Akanitazama.

"Mama, umekuja harusini?"

"Nimekuja kazini, baba."

"Haya. Piga hodi."

Nikasema moyoni, huyu mzee hayuko sawa, kizimba cha taka kinapigiwa hodi? Akachukua reki akagonga ukuta. Akatoka mbwa. Akatoka mbwa mwingine. Akatoka paka. Halafu akatoka panya buku, anatembea taratibu, anatutazama kama mwenye nyumba aliyeamshwa.

"Umeona? Ukiingia kwa watu bila hodi, wanakuuma."

Mpaka nastaafu sikuwahi kuumwa. Wenzangu waliojidai hodari walipelekwa kuchomwa sindano.

Na mengine alinifundisha hivyo hivyo, kwa kunicheka. Mfuko usioujua usiushike, upasue kwa reki. Ukimwaga, upepo uwe mgongoni kwako, ukikosea mara moja hutakosea tena, maana utakula ulichomwaga. Na majivu, haya sikilizeni sana: majivu usiyaamini kwa macho. Weka kiganja juu yake, siyo ndani, juu kidogo, usali Baba Yetu. Ukifika Amina hujaondoa mkono, hayo yamekufa, mwaga. Ukiishia njiani, yaache yalale. Nikamuuliza, na Mwislamu je? Akasema ataje majina ya watoto wake, kama anao wengi.

Haya majivu ndiyo yaliyotuingiza kwenye shida ninayowasimulia.

Nyie watoto wa ziwa hamjui baridi. Mbinga mwezi wa sita na wa saba mtu analala na jiko la mkaa mlangoni, asubuhi anayakusanya majivu anayatupa kizimbani na makaa yake yamejificha humo kama mtoto mtoro. Na miezi hiyo hiyo ndiyo ya kahawa. Kahawa ikishakobolewa yanabaki maganda makavu, mepesi, mengi ajabu, na wakati ule yote yalikuja dampo. Tulikuwa tunayafurahia, yanafunika harufu. Tukamwaga maganda, juu yake taka, juu yake maganda tena. Tulikuwa tunatandika kitanda cha moto, hatujui.

Dampo lenyewe lilikuwa kwenye mteremko, nyumba ziko chini yake. Nani alimfuata mwenzake? Ukiwauliza watu wa ofisini, dampo lilikuwepo kwanza. Ukiwauliza wenye nyumba, nyumba zilikuwepo kwanza. Mimi nilifagia kote kuwili na sijui.

Nyumba ya juu kabisa, iliyokuwa karibu kugusa taka, ilikuwa ya Mama Tekla. Huyu alikuwa shoga yangu. Mjane. Mume wake alijenga kwa kahawa, msimu hadi msimu, akafa bati limepanda lakini chini bado vumbi. Sakafu akaimwaga Mama Tekla mwenyewe, akiwa na Tekla mgongoni. Kwa hiyo ukikanyaga pale ndani unakanyaga maisha yake. Nikitoka kazini alikuwa ananiwekea maji ya kunawa na kikombe cha uji, na hakuwahi kuziba pua.

Basi siku moja mbuzi wa mwenyekiti wa mtaa akarudi nyumbani anachechemea, kwato imeungua. Mwenyekiti akanijia juu.

"Mama Dampo, kwa nini unamchoma mbuzi wangu?"

"Mwenyekiti, mimi mbuzi nachoma wa kula. Wako nimchome kwato kwa faida gani?"

Tukapanda wote kutazama. Moto hatukuuona. Moshi kidogo tu, kama mtu kajificha anavuta sigara. Nikachukua nondo, nikaizamisha kwenye taka, nikaanza Baba Yetu. Nilipoichomoa nikaitupa chini nikasahau sala yenyewe. Moto ulikuwa ndani. Ulikuwa unakula maganda huko chini kwa chini, kimya, na kwa jinsi mteremko ulivyokaa ulikuwa unashuka kuelekea jiko la Mama Tekla.

Bwana afya akaitwa. Kijana mdogo, mstaarabu, anaamkia mpaka mbuzi. Akazunguka, akainama, akagusa ardhi, akarudi amenywea.

"Mama," akamwambia Mama Tekla, "ardhi iliyoungua ndani inabaki tupu, inatitia. Moto huu ukigusa ukuta wako itabidi uhame kabla ya mvua. Sitakudanganya."

Mama Tekla akamuuliza, "Nihamie wapi, mwanangu?"

Bwana afya akakunja mikono ya shati, akaomba ndoo.

Tukaanza kwa kumwaga maji, kama ambavyo mtu yeyote angeanza. Ndoo kwa ndoo. Dampo likatoa mvuke, likakohoa, likanyamaza. Kesho yake moshi ukatokea pembeni, umekasirika. Bwana afya akaenda kuomba greda, greda lilikuwa kwenye barabara za mbali, haijulikani litarudi lini. Mimi nikapita mlango kwa mlango kuomba watu. Wapi. Wako kwenye kahawa, kahawa ikiiva haimsubiri mtu. Na wengine wakanijibu vizuri kabisa: "Mama Dampo, dampo si la serikali? Na wewe si ndiwe serikali ya dampo?"

Nikarudi kwa Mama Tekla nimechoka, nikamwambia hawaji. Akakaa. Akasema, "Kwenye dampo hawaji. Kwangu watakuja. Naita ngokela."

Ngokela kwa Wamatengo ni kuitana kazini. Leo mnalima kwangu, kesho kwako, na anayeita ndiye anayepika. Ukiitwa ukakaa nyumbani, zamu yako ikifika utalima na mkeo na kuku. Kwa hiyo Mama Tekla akapita, hakusema dampo hata kidogo. Alisema, "Karibuni ngokela, kuna kajieneo kangu juu ya jiko." Nani angekataa?

Jamani, walikuja. Majembe, makwanja, vikapu, mpaka wazee wa kusimamia tu. Mama Tekla akatoa unga wake wote na maharage, mimi nikaleta dagaa niliotumiwa kutoka huku. Wakanianza hapo hapo.

"Mama Dampo, leo utalima? Nyie watu wa ziwa si mnalima kwa nyavu?"

"Na wewe samaki umemjulia wapi, si kwenye sahani? Fanya kazi, funikeni pote kwa udongo, msiache tundu."

Hivyo tu. Funikeni kwa udongo. Nikaingia jikoni kusonga ugali na Mama Tekla.

Sasa ngoja niwaambie Mmatengo na mteremko. Babu zao walilima milima iliyosimama kama ukuta, na udongo haukuteremka. Wanafanya ngolo. Wanaume wanafyeka majani, wanayalaza kwenye mteremko kwa mistari, miraba miraba. Wanawake wanachimba katikati ya kila mraba, ule udongo wanafukia yale majani, yanakuwa matuta. Katikati kinabaki kishimo cha kunywa maji ya mvua. Mlima mzima unakuwa kama sega la nyuki. Mtoto wa Kimatengo anajua ngolo kabla hajajua kufunga vifungo vya shati.

Kwa hiyo umempa mteremko, umempa jembe, umemwambia funika kwa udongo, na kuna wimbo. Mikono ilikwenda yenyewe. Wanaume wakashuka kufyeka majani, makavu, ya kiangazi, wakayalaza vizuri juu ya dampo kwa miraba. Wanawake wakaleta udongo wakafukia. Mimi nachungulia mlangoni nasema, angalia watu wanavyojua kazi. Bwana afya akapiga picha. Mwenyekiti akatoa hotuba, akamtaja na mbuzi. Ilikuwa ngolo nzuri kuliko nyingi nilizoziona shambani. Tukala, tukanywa togwa, tukaagana. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza.

Jumapili tunatoka misa, mtu akasimama mlangoni mwa kanisa, watu wanamgonga mgongoni yeye hasogei. Tukatazama anakotazama. Ndiyo huo mlima niliowauliza. Moto ulikuwa umepanda, umeyakuta majani makavu yamelazwa kwenye mistari, yamefunikwa vizuri yasipulizwe na upepo, ukaingia humo kama gari kwenye lami. Kila tuta linafuka. Miraba yote, kuanzia juu hadi chini.

Halafu bibi mmoja wa jumuiya yetu akasema, "Hata moto wa kwetu unajua kulima." Watu wakacheka pale mlangoni mwa kanisa mpaka padri akatoka kuuliza kuna nini.

Mama Tekla hakucheka. Alishika njia ya nyumbani, nami nyuma yake. Migomba yake ya juu imelegea majani kama nguo iliyolowa. Akaingia jikoni, akaweka kiganja ukutani, akaanza kusali kwa sauti ili nisikie. Hakufika kwenye mkate wetu wa kila siku. Akautoa mkono. Akasema taratibu, "Umefika, dada." Jioni ile Tekla akahamishiwa kwangu, bwana afya alisisitiza, moshi ule si wa kuvuta mtoto. Mama yake akakataa kutoka.

Kesho yake nikasema aletwe mzee Ndunguru. Alikuwa ameshastaafu, mguu umevimba, hapandi hata ngazi. Bodaboda akatazama ile njia akasema yeye ana familia. Basi nikalichukua toroli la taka, nikalisugua kwa sabuni, nikatandika gunia, tukamsukuma.

"Toroli hili nimelisukuma mpaka mgongo umepinda," anasema huko juu, amekaa kama askofu. "Leo linisukume na lenyewe. Punguza mwendo, mama, hubebi maganda."

Alipoliona dampo alicheka mpaka akakohoa. Watu wamejaa, wanatazama vidole vya miguu yao.

"Fundi wa hii ngolo ni nani?"

Mmoja akaficha jembe mgongoni.

"Ngolo safi kabisa. Mtapanda nini? Viazi vya kuchoma?"

Halafu akaacha kucheka, akaanza kazi. Akasema moshi una maneno. Ule mweupe mzito ni maji yanatoka, moto hapo bado unajiandaa. Ule mwembamba wa bluu, ndipo unapokula. Akaniambia nizamishe nondo hapa, toa, zamisha pale, toa, mpaka tukajua umelala wapi na kichwa kimeelekea wapi. Mimi nilikuwa na nondo ile miaka yote, nilikuwa naulizia kama kuna moto tu. Yeye aliuliza unakwenda wapi.

"Msimfuate aliko," akasema. "Hamtamuweza. Mngojeeni anakokwenda."

Maana yake ilikuwa hii. Tuchimbe mfereji kati ya moto na jiko, tutoe taka zote mpaka tukute udongo mwekundu mtupu, moto ukifika ukose chakula. Tujaze mfereji huo udongo ule ule mwekundu. Halafu tufumue matuta, kuanzia chini kwenda juu, majani yote yatoke, na kila tunapofumua tufunike hapo hapo kwa udongo mnene, na tukanyage. "Udongo uliolegea ni nyavu," akasema, ananitazama mimi mtu wa ziwa, "hewa inapita. Na moto ni kama wewe na mimi, unapumua. Mzibe pua."

Kazi ikajulikana. Lakini Mama Tekla alikuwa amesimama mlangoni, hasogei. Nikamfuata. Akaninong'oneza, "Dada, sina unga. Nitaitaje ngokela nyingine?" Alikuwa anaona aibu kuliko alivyokuwa anaogopa moto. Maana ndiyo mila, anayeita anapika, na yeye alishapika vyote.

Sijui nani alisikia. Asubuhi iliyofuata wanawake wakapanda na majembe begani, na kila mmoja kichwani ana kakapu ka unga. Mmoja maharage, mwingine mboga ya maboga, mwingine kabeba sufuria kubwa tupu akisema hii haishindwi na watu wengi. Ngokela wageni wanampikia mwenyeji, kitu hicho Umatengoni hakuna aliyewahi kukiona. Bibi yule yule wa kanisani akamwambia Mama Tekla, "Leo wewe kaa. Tulikulimia moto, acha tuung'oe."

Na sokoni wauza samaki, wanawake wa huku kwetu waliokuwa wanapanda na dagaa, walifunga meza zao wakaja. Jembe ni kweli hatulijui. Lakini kulikuwa na udongo wa kukanyaga, na sisi tuna kioda. Kioda si ngoma ya kukanyaga kwa nguvu, mnaijua, ni ya madaha. Siku ile tuliifundisha adabu nyingine. Tukajipanga mstari na gambuti za kuazima juu ya mfereji uliojazwa, mahali mzee ameshapima kwa nondo akasema pamepoa. Wamatengo wanaleta udongo, sisi tunaukanyaga, wimbo wa ziwa na wimbo wa mlima zinagombana juu ya dampo. Bwana afya naye akaingia mstarini.

"Bwana afya," mzee anafoka kutoka kwenye toroli, "kanyaga, usiibembeleze. Hulazi mtoto."

Tulirudi tena na tena, mpaka miraba yote ikafumuliwa. Moshi wa bluu ukawa mweupe, mweupe ukawa uzi, uzi ukakatika. Moto ulikuja mpaka kwenye mfereji, tuliujua kwa nondo, ukakuta udongo mwekundu. Hapo ukakaa. Mama Tekla alikuwa anaupima ukuta wake kila asubuhi. Siku alipofika Amina hakutoa mkono, akaunganisha Salamu Maria, akaunganisha na Atukuzwe, mimi nasubiri uji umepoa.

Mvua zilipoanza bwana afya alipanda mwenyewe kuutazama ukuta. Akasema, "Mama, kaa kwako." Huyo huyo ndiye aliyehangaika ofisini mpaka dampo likahamishwa mbali na watu. Siku hizi gari linapita, wafanyakazi wana vitambaa vya pua, majivu yana debe lake kila kizimba, na maganda ya kahawa wakulima wanayagombania, wanatia shambani. Wakati wetu pua tuliifunga kwa pindo la kanga. Sisemi zamani kulikuwa kuzuri. Kulikuwa kunanuka.

Lile korongo lenu basi, mmeshanielewa. Nendeni mkaangalie nani anakaa chini yake, mkanywe uji kwake kwanza. Na kama mmeshaanza kumwaga huko, msinifiche, twendeni na nondo kesho.

Nyumba ya Mama Tekla ipo. Mwenyewe alishatangulia, alifia kitandani, juu ya sakafu yake mwenyewe, kwa uzee. Tekla akaolewa na kitinda mimba wangu Gervasi, wanakaa humo, na mtoto wao Osmundi amekuwa mkubwa, anasoma sekondari. Lile dampo la zamani bado lipo juu yao, limeota majani, ukilitazama utadhani mlima tu. Mimi silidharau. Chini yake kuna maganda hatukuyafikia, na kiangazi ni kiangazi. Nilipokuwa kule kila baada ya mavuno ya kahawa nilipanda na nondo. Sasa niko huku ziwani, magoti hayapandi tena.

Likizo iliyopita Osmundi alikuja kunitembelea, nikamwambia hofu yangu. Nilidhani atanicheka, vijana mna mambo mengi. Hakucheka. Aliniuliza inazamishwa mpaka wapi, inakaa muda gani, nikamfundisha Baba Yetu ya nondo. Halafu akanishika mkono akasema:

"Bibi, nakuahidi, kila kahawa ikiisha nitapanda. Nikikuta pamepoa nitakupigia simu nikuamkie vizuri, tuongee habari zote. Lakini siku ukipokea simu yangu ukasikia sijakuamkia, usinikasirikie. Ita watu."